SOMO: CHUMBA CHA UANI, MPANGAJI NA ANAYEPANGISHA



Katika mikutano ya matawi tumezoea kuzungumza habari za mshahara, saa za ziada, likizo na ajali kazini. Mkutano ukiisha, watu wakiwa wamesimama mlangoni, ndipo swali la chumba linapotokea. Mwenye nyumba amepandisha. Mwenye nyumba amesema serikali imeleta kodi mpya. Mwenye nyumba ametoa siku tatu tuwe tumehama. Tumeona maswali haya ya mlangoni yanastahili somo lake, maana faranga tunazozipigania kiwandani nyingi hupita kwa mwenye chumba kabla hazijafika sokoni. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa katika karne iliyopita, na siku hizi hakuna chumba cha mji wa Kigali kinachoweza kulipwa kwa hesabu hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili chetu kinaita "kodi" fedha ya mwenye nyumba na fedha ya serikali pia, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Katika somo hili fedha unayompa mwenye nyumba tutaiita pango. Kodi itakuwa ni ile ya serikali tu.

Chumba cha uani kila mtu anakijua. Mbele kuna nyumba kubwa, nyuma safu ya vyumba viwili, vitatu au sita, choo kimoja, bomba moja na mita moja ya umeme. Watu wa Kigali huita aneksi. Nyumba za namna hiyo zimejaa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waswahili tangu wakati wa Wabelgiji, na ziko Kimisagara, Gatsata na Gikondo. Tangu viwanda vilipoanza kuondolewa bonde la Gikondo na kupelekwa eneo maalum la viwanda la Masoro, kila anayefanya kazi huko anajua jinsi chumba kinavyotafutwa, na jinsi komisioneri anavyodai chake kwa kukuonyesha mlango tu.

Tusidhani kwamba kila mwenye nyumba ni tajiri. Katika chama chetu wamo wanachama waliokaa miaka kumi kwenye mashine, wakanunua kiwanja kidogo, wakajenga chumba na sebule, halafu wakaongeza vyumba viwili nyuma ili vilipe ada ya shule ya watoto. Leo ni mfanyakazi, jioni ni mwenye nyumba. Kwa hiyo somo hili linawahusu wote wawili, na wakati mwingine wote wawili ni mtu mmoja.

KIBALI CHA KUJENGA

Kigali ina mpango mkuu wa mji, uliorekebishwa mwaka 2020. Mpango huo umegawa mji katika maeneo: pa makazi, pa biashara, pa viwanda, pa kilimo, na mabonde yenye maji ambayo hayajengwi. Maeneo ya makazi nayo yana daraja mbalimbali, na kila daraja lina masharti yake juu ya wingi wa nyumba na ukubwa wake. Kwa hiyo jirani wa mtaa mwingine kuruhusiwa kujenga vyumba vitatu uani si hoja kwamba na wewe utaruhusiwa. Kabla ya kununua hata tofali moja, chukua namba ya kiwanja, ile inayoitwa UPI, uende nayo wilayani, iwe Gasabo, Kicukiro au Nyarugenge, uulize kiwanja kimewekwa daraja gani na aneksi inakubaliwa kwa masharti gani.

Kazi ya kujenga usiku, ukuta ukiisha kabla ya kiongozi wa akagari kuamka, tumeiona mara nyingi. Ikibomolewa, aliyejenga hupoteza fedha zake na mpangaji hupoteza mahali pa kulala siku hiyo hiyo. Mpangaji naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kutoa pango la miezi mitatu, kama chumba kina kibali. Si ufidhuli. Anayekopesha mtu pango la miezi mitatu mbele anaweza kuuliza anakopesha juu ya kitu gani.

KODI NA HESABU YAKE

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyana kuliko pengine pote.

Kodi ni mbili. Ya kwanza ni ya jengo lenyewe. Sheria ya mapato ya wilaya ya mwaka 2018 iliiondolea kodi hiyo nyumba moja anayokaa mwenyewe, pamoja na majengo yake ya ziada yaliyo katika kiwanja cha makazi cha familia moja. Akiwa na nyumba ya pili mtaa mwingine, hiyo ina kodi yake. Basi mwenye nyumba anayelala nyumba ya mbele akikuambia kwamba pango limepanda kwa sababu ya kodi ya jengo, muulize kwa adabu ni jengo gani.

Kodi ya pili ni ya mapato ya pango. Hulipwa na anayepokea pango. Mpangaji hahusiki nayo. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kwa niaba ya wilaya, na hesabu ya mwaka uliopita hutakiwa kufikishwa ifikapo tarehe 31 Januari. Sheria hiyo ya 2018 iliweka hesabu namna hii. Jumlisha pango lote ulilopokea katika mwaka. Ondoa nusu yake, ambayo sheria huihesabu kuwa gharama za kutunza nyumba. Nusu iliyobaki ndiyo hutozwa kodi: faranga 180,000 za kwanza hazitozwi kitu, kutoka hapo mpaka 1,000,000 hutozwa asilimia 20, zinazozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30.

Tuchukue kalamu. Mwanachama wetu ana chumba kimoja uani, pango faranga 30,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 anapata 360,000. Ondoa nusu, zinabaki 180,000. Kodi yake ni sifuri. Anatakiwa kupeleka hesabu, lakini hana cha kulipa. Na tumekutana na watu wa namna hii hii, wenye chumba kimoja, wanaokataa kuandika mkataba na kukataa kutoa risiti wakiogopa kodi. Wanaogopa kitu ambacho hakipo.

Sasa mwenye vyumba vitatu vya faranga 40,000. Kwa mwezi ni 120,000, kwa mwaka 1,440,000. Nusu ni 720,000. Ondoa zile 180,000 zisizotozwa, zinabaki 540,000. Asilimia 20 yake ni 108,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kwa mwezi. Gawa kwa vyumba vitatu: kila chumba kinabeba faranga 3,000 kwa mwezi. Huyu mwenye nyumba akija kwa wapangaji wake watatu na kusema kila mmoja aongeze 10,000 "kwa sababu ya kodi", atakusanya nyongeza ya 360,000 kwa mwaka. Hata baada ya nyongeza hiyo kodi yake yote itakuwa 144,000. Hizo nyingine 216,000 ni zake. Ana ruhusa kutaka nyongeza, maana serikali haipangi bei ya chumba, lakini aseme anataka nyongeza. Asiisingizie serikali.

Mwenye vyumba sita vya faranga 50,000 yuko mbali zaidi. Mapato ni 3,600,000, nusu ni 1,800,000. Sehemu ya asilimia 20 inatoa 164,000, sehemu ya asilimia 30 inatoa 240,000, jumla 404,000 kwa mwaka. Hata hapo kwa kila chumba haifiki faranga 6,000 kwa mwezi. Fanyeni hesabu hii kwenye tawi, kwa ubao na chaki, kila mtu aandike pango lake mwenyewe. Ni somo zuri la asilimia kuliko lile tulilopata shuleni.

Kuna hila moja tunataka kuionya. Mwenye nyumba anakubali mkataba, lakini anaandika 20,000 hali anapokea 40,000. Mpangaji anatia sahihi kwa sababu anataka chumba. Siku ya ugomvi, mpangaji aliyetoa miezi mitatu mbele ana ushahidi wa faranga 60,000 tu, naye ametoa 120,000. Na mwenye nyumba akiwa anadai malimbikizo, karatasi yake mwenyewe inampa nusu. Hila hiyo hukata mikono miwili.

MKATABA

Mpaka mwaka 2019, wanasheria walipoulizwa habari za kupangisha walikuwa bado wanafungua sheria iliyotungwa mwaka 1888, enzi ya Kongo ya Mfalme Leopold, ambayo Wabelgiji waliileta Rwanda. Agosti 2019 Rwanda ilifuta kwa pamoja sheria zote zilizoanza kutumika kabla ya uhuru wa 1962. Sisi hatuisikitikii sheria ya Leopold. Lakini jambo lililobaki mkononi mwetu ni mkataba wenyewe, ambao kwa sheria ya mikataba ya mwaka 2011 huwafunga walioufanya. Maneno mliyoandika ndiyo yatakayosomwa. Mambo ambayo hamkuyaandika mtayabishania.

Karatasi moja inatosha. Majina na namba za vitambulisho, namba ya kiwanja, chumba kipi, pango kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi. Miezi iliyolipwa mbele. Nani hutengeneza bati likivuja. Taka na irondo hulipwa na nani, maana hizo fedha ndogo za kila mwezi ndizo zinazogombanisha watu kila mwezi. Halafu liandikwe jambo kubwa kuliko yote: anayetaka kuvunja mkataba atoe taarifa siku ngapi kabla, na nyongeza ya pango itangazwe miezi mingapi kabla. Kwa maoni yetu mwezi mmoja wa kuhama na miezi mitatu ya nyongeza ni haki kwa pande zote mbili, lakini ni mapatano yenu. Atie sahihi na shahidi wa kila upande, kila mtu abaki na nakala. Pango likilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Likilipwa kwa mkono, daftari la faranga 200 lenye sahihi ya mwenye nyumba kila mwezi ni risiti tosha.

Ukihamia, jijulishe kwa kiongozi wa mudugudu. Wengine hufanya hivyo kwa kuogopa tu, lakini kuna faida yake: siku mwenye nyumba akisema hakujui, mudugudu unakujua.

MITA MOJA, NYUMBA NNE

Umeme wa uani ni chanzo cha makelele, na mara nyingi wapangaji hushukiana bure. Kosa liko katika mita. Bei ya umeme wa nyumbani hupanda kadiri mita inavyotumia zaidi kwa mwezi. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2020, yuniti 15 za kwanza zilikuwa faranga 89 kila moja kabla ya VAT, zilizofuata mpaka 50 zilikuwa faranga 212, na zilizozidi 50 zilikuwa faranga 249.

Fikirini sasa familia nne, kila moja inatumia yuniti 15. Kila moja ingekuwa na mita yake ya Cash Power, ingelipa 1,335, na wote wanne 5,340. Wakitumia mita moja, mita inahesabu yuniti 60: 15 kwa 89, 35 kwa 212, na 10 kwa 249. Jumla ni 11,245. Zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyeiba hata yuniti moja. Bei hubadilika na hesabu ya leo mtaifanya kwa bei ya leo, lakini ngazi ndizo zinazoumiza. Anayepangisha akiomba mita ya pili au ya tatu, wapangaji wakichangia, gharama yake hurudi. Kama haiwezekani, andikeni kwenye mkataba namna ya kugawana: kwa idadi ya watu, au kwa vyombo, maana mwenye balbu moja na redio hawezi kulipa sawa na mwenye pasi na jiko la umeme.

SERIKALI INAPOTAKA KIWANJA

Hili si jambo la kila siku, lakini likija hubeba mtaa mzima. Kiyovu ya maskini iliondolewa miaka ya 2007 na 2008 na watu wakapelekwa Batsinda. Kangondo na Kibiraro, sekta ya Remera, ambako wengi hupaita Bannyahe, mabishano yalianza 2017 na nyumba za mwisho zikabomolewa Septemba 2022. Wenye nyumba wengi walitaka fidia ya fedha. Walipewa nyumba za ghorofa Busanza, wilaya ya Kicukiro.

Tuliyasikia malalamiko ya wakati ule, na yanahusu somo letu moja kwa moja. Mtu alikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba vya kupangisha. Vyumba hivyo ndivyo vilivyomlisha. Ghorofa ya Busanza ni imara kuliko nyumba ile, ina maji na choo ndani, lakini haina ua wa kujenga chumba cha nyuma. Mwenye nyumba wa jana akawa mtu mwenye mahali pazuri pa kulala na asiyekuwa na mapato. Upande wa serikali ulisema nyumba zile hazikufaa watu kuishi, na nani aliyewahi kupita pale wakati wa mvua atabisha? Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana ugomvi ulichukua miaka mitano.

Sheria ya fidia ya mwaka 2015 inataka mali ithaminiwe kwa bei ya soko, iongezwe asilimia 5 kwa usumbufu wa kuhamishwa, na fidia ilipwe katika siku 120 tangu kiasi kilipokubaliwa. Anayethaminiwa ni mwenye mali. Kwa hiyo anayepangisha ahakikishe kila chumba cha uani kimeandikwa siku ya kuthamini, na awe na kibali chake, kwani chumba kisicho na karatasi ni rahisi kubishaniwa. Kinachojengwa baada ya orodha ya mali kufungwa hakihesabiwi.

Na mpangaji? Yeye hana jengo pale, na mara nyingi husikia habari wa mwisho, siku bati linapotolewa. Silaha yake ni ile karatasi moja. Tunashauri mkataba uwe na mstari huu: eneo likitangazwa kuchukuliwa, mwenye nyumba amjulishe mpangaji mara moja, na pango lililolipwa mbele kwa miezi isiyokaliwa lirudishwe. Mstari huo hauna gharama kwa yeyote siku ya kutia sahihi.

WENZETU WA MASHAMBA YA CHAI

Wanachama wa Mulindi, Shagasha na Gisakura watasema, haya ni mambo ya Kigali. Si hivyo kabisa. Wengi wana mtoto anayesoma au kufanya kazi mjini, naye yuko katika chumba cha uani. Tena kama shamba linakupa nyumba pamoja na kazi, nyumba hiyo haina mkataba wa pango, na kazi ikiisha nyumba imekwisha. Huko dai letu ni kuandika katika mkataba wa pamoja siku ngapi familia itapewa ili ihame baada ya kazi kuisha. Na msipangishe chumba cha nyumba ya kampuni kwa mgeni. Tumeona mtu akipoteza kazi, nyumba na jina kwa faranga 10,000 za mwezi.

UGOMVI UPELEKWE WAPI

Anza kwa mazungumzo, mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na wote. Yakishindikana, nenda kwa kiongozi wa mudugudu, kisha kwa abunzi wa akagari. Kwa sheria ya mwaka 2016 abunzi husikiliza mashauri ya mali na ya kuvunja mikataba yasiyozidi thamani ya faranga 3,000,000, na ugomvi wa chumba cha uani ni nadra kufika huko juu. Asiyeridhika hukata rufaa kwa abunzi wa sekta. Huhitaji wakili, unahitaji mkataba, daftari la malipo na mashahidi.

Mwenye nyumba asimtolee mpangaji godoro nje wala kuezua bati ili ahame. Mpangaji naye asihame usiku na deni la miezi miwili kisha aje kwetu atutetee. Mwanachama akimdai mwanachama mwenzake, tawi linaweza kuwakalisha pamoja kabla hawajafika kwa abunzi.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KWENYE TAWI

1. Ni wangapi kati yetu wana mkataba wa maandishi wa chumba? Waliokosa, mwenye nyumba alitoa sababu gani?

2. Mwanachama anapangisha vyumba viwili kwa faranga 35,000 kila kimoja, na kimoja kilikaa wazi miezi miwili. Mapato yake ya mwaka ni kiasi gani, na kodi yake ni kiasi gani?

3. Uani mwenu mna mita ngapi na familia ngapi? Mwezi uliopita mlinunua yuniti ngapi?

4. Katibu wa tawi aandike kielelezo cha mkataba cha karatasi moja, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kisomwe kwa sauti na kurekebishwa na wote. Nakala zigawiwe siku ya mshahara, kabla pango halijalipwa.